Mashine ya Santuri Isiyo na Mkanda

Mashine ya santuri ya mama yangu imenichosha kuliko watoto wangu wote. Mkanda wake wa mpira, ule unaozungusha sahani, ulikuwa ukilegea kila joto la Oktoba likipamba moto, nami nafunga safari kutoka Gongoni hadi kwake Ntalikwa na bisibisi kwenye mkoba. Mkanda halisi haukupatikana tena, ndiyo maana miaka yote nilikuwa nikikata tyubu ya baiskeli na kuiunga kwa gundi. Siku nyingine uliteleza, siku nyingine ulinata, na simu ya mama ikaita.

Alichotaka kusikia ni santuri moja tu. Marehemu baba alipiga gitaa na kuimba katika bendi ya hapa mjini, akafariki mimi sijapata akili ya kumkumbuka. Sauti yake imebaki humo tu.

Nilipomwambia nataka kununua mashine nyingine, alinikazia macho.

"Nunua. Ila ikinibadilishia sauti ya baba yako, unairudisha siku hiyohiyo."

Nikaenda kwa muuza vyombo vya umeme vya mtumba, Mzaramo aliyehamia Tabora. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu waliposhusha mizigo pwani, kwa hiyo dukani kwake sitarajii adabu.

"Mnyamwezi huyo! Leo umeuacha wapi mzigo?"

"Nimekuja kukubebesha wewe."

Nikaishika moja ya mbao, inang'aa kweli. Akacheka mpaka wateja wakageuka.

"Chukua, ukapambie sebule. Hiyo ina mkanda, utarudi kulia hapa hapa!"

Muuzaji mwingine angenifungia na kunitakia safari njema. Mtani haoni haya kukuumbua. Akanivutia nyingine, nyeusi, nzito, mbaya kama pasi ya mkaa. Hii, alisema, mota yake inazungusha sahani moja kwa moja, mkanda haina. Wimbo ukiisha, mkono unajirudisha wenyewe. Kazi yangu ni kufuta vumbi na kubadilisha sindano ikichakaa, na sindano zake anazo.

"Na mama akiikataa?"

"Irudishe. Nitakutukana, lakini nitaipokea."

Niliifunga kwenye khanga, nikaipeleka Ntalikwa. Nikaitua mezani, nikaweka santuri, mama akabonyeza kitufe.

Gitaa lilianza mbio. Baba niliyemjua mimi aliimba polepole, kwa sauti nzito, kama mtu aliyechoka, na nilimpenda hivyo hivyo. Huyu alikuwa kijana, sauti nyepesi, ya mchokozi. Kumbe vile vipande vyangu vya tyubu vilikuwa vikimburuza miaka yote, lakini wakati ule sikuwaza hayo. Niliwaza nimemharibia mama kitu pekee alichobakiwa nacho. Nikaichukua khanga nianze kuifunga tena mashine.

"Acha!" mama akasema.

Akasogea, akainamisha kichwa karibu na spika. Nilitamani aseme lolote, hata kunigombeza. Midomo yake ilikuwa ikifuata maneno, na safari hii hakuwa akimsubiri mwimbaji amfikie. Wimbo ukaisha, mkono wa mashine ukanyanyuka na kurudi mahali pake bila sisi kuugusa.

"Ndiye huyu," akasema. "Alikuwa na haraka hivi hivi. Hata kunioa alinioa haraka."

Nikakaa sakafuni. Nilifurahi mno, nikawa nacheka huku machozi yananitoka.

"Ile mashine ya zamani," mama akaendelea, "kila nikimsikia mle nilikuwa nasema, uzee umenisahaulisha mume wangu. Nikaona haya kukwambia."