Mgeni Asiyejua Kukuna Nazi

Zilikuwa zimebaki siku tano nirudi kwetu Singida, na mkono wa kushoto wa yule mama wa mtaa wa Barani ulikuwa bado umelala pajani, kama kitu alichoombwa na mtu amshikie.

Nilikwenda Malindi miezi mitatu kujitolea kwenye zahanati moja ndogo, kuwafanyisha mazoezi watu waliopooza. Mama huyu kiharusi kilimpata mwaka uliotangulia. Kabla ya hapo mtaa mzima ulikuwa ukinywa chai kwa mahamri yake, na hamu yake kubwa ilikuwa kuyapika tena. Sasa alikaa mkekani barazani, leso safi, akinukia udi, na hakuachwa aguse hata kijiko. Mkwewe, mke wa mwanawe mkubwa, alimwogesha, akamlisha, akamkunjia vidole kwenye mpira niliowapa, asubuhi na jioni, sawasawa na nilivyoelekeza.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mara ya kwanza nilimwambia yule mkwe kwa upole, mara ya pili kwa sauti: mwache afanye mwenyewe, vidole vina uhai kidogo lakini vinataka kazi, mkono usiotumika hukakamaa na ukishakakamaa basi tena. Alinijibu, "Sawa dadangu, nimesikia," kisha akamnyanyulia mama kikombe cha chai hadi mdomoni. Moyoni nikamwita mkaidi. Nilikosea, na ninaona haya mpaka leo.

Jumapili hiyo alinisindikiza hadi langoni, akaniambia polepole, "Dada, wewe wenda zako Ijumaa. Miye ndiye n'takayebaki na watu. Wakipita hapa wakamwona mama mgonjwa yuafanya kazi, na miye mkamwana nimekaa, watasemaje? Mamangu mzazi kule Mambrui atauweka wapi uso wake?"

Nimesoma mifupa na misuli, lakini chuoni hakuna aliyenifundisha la kufanya na baraza inayotazamana na njia.

Kesho yake nilimkuta mkwe anakuna nazi. Alikalia mbuzi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, kashika kizio cha nazi kwa mikono miwili, anakizungusha na kukisukuma, nazi nyeupe inashuka kwenye sinia. Nilivitazama vidole vyake vya kushoto vinavyobana na kugeuza, nikaona zoezi ambalo mpira wangu haukulifikia hata robo. Nikaomba nijaribu. Singida tunapikia alizeti na karanga, nazi kwetu ni mgeni wa sikukuu. Nilikwangua kifuu, kisha nikajikwangua kidole gumba. Kule mkekani mama akaangua kicheko, na sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

"Subhanallah! Mwanamke mzima hajui kukuna nazi! Hebu toka hapo mwanangu, watuharibia nazi. Ngoja n'kuonyeshe."

Mkwe akanitazama, nami nikamtazama. Jirani mmoja alikuwa amesimama langoni, wa wale wasiopitwa na jambo. Nikapaza sauti isikike mpaka msikitini, "Nifundishe, mama, nisirudi kwetu na aibu hii!"

Basi ikawa halali. Mwenyeji kumfundisha mgeni hakuhesabiwi kazi, ni heshima. Tulimketisha juu ya mbuzi, mimi nyuma nimemshika kiuno, mkono wake wa kulia ukauongoza wa kushoto. Kizio kilimponyoka, akakitukana, akakidai tena. Kila siku nilikuja mapema, nikakaa mpaka nifukuzwe. Jumatano vidole vilishika. Jasho lilimtiririka usoni na bado alikuwa akinigombeza mimi: "Usikune mpaka kwenye kifuu! Ule weusi waharibu tui. Kwenu hamna macho?" Alinifundisha kweli, hakuwa anaigiza. Nimehudumia wagonjwa wengi, ila wenye kujikaza kama yule nawahesabu kwa vidole. Nilimpenda kwa ukali wake, na kwa kiburi chake nilimpenda zaidi.

Alhamisi tui lake akalikandia unga mwenyewe, kwa iliki na hamira, mkono wa kushoto ukimfuata mwenziwe taratibu. Mahamri yalitoka kila moja na umbo lake, mengine pembe mbili, mengine tano. Majirani walikula, wakamsifu yeye na kunicheka mimi. Nilicheka nao, lakini rohoni nilikuwa naiogopa Jumamosi. Mwanafunzi akishaondoka, mama atarudi mkekani, na mkono utarudi pajani.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kuaga. Mbuzi ilikuwa imekunjwa, imeegemezwa ukutani. Nikamwamkia shikamoo, mama akaitika marahaba bila kuinua uso.

"Mwanafunzi wangu yuaenda zake," akasema. "Haya. N'tamfundisha nani tena?"

Yule jirani wa langoni naye alikuwepo, amekuja kuniaga. Mimi nilianza kusema habari za mpira na mazoezi, nikajisikia mjinga, nikaacha.

Mkwe akatoka jikoni na kizio mkononi. Huyu ni mwanamke aliyezaliwa na kulelewa Mambrui, aliyeanza kukalia mbuzi kabla hajamaliza kuota meno. Siku zote hizo angeweza kukuna nazi ya mahamri ya mitaa miwili, wakati sisi tunahangaika na kizio kimoja, na hakutia neno. Akaichukua mbuzi ukutani, akaikunjua, akaiweka mbele ya mama, pale pale ambapo njia nzima inaona.

"Mama," akasema, kwa sauti ambayo sikumjua nayo, "na miye nifundishe. Sijui kukuna."

Jirani akashika mdomo. Mkwe hakumgeukia. Mama akanyoosha mkono wa kushoto kukipokea kizio.