Siku Mama Mkwe Aliponiambia Nimwige

Nyumbani kwetu Butula mimi ndiye niliyekuwa naiga watu. Nilimwiga katekista akikohoa kabla ya kuomba, nikamwiga shangazi akinunua kuku huku akimkosoa kuku mwenyewe, na mama alicheka mpaka akaacha kazi aliyokuwa anafanya. Lakini wiki niliyoolewa, mama huyo huyo alinikalisha jikoni akanionya. Unakoenda ni kwa Wateso, akasema, lugha yao huijui, na mke mpya anayechekesha watu huonekana hana adabu. Nyamaza mpaka wakuzoee.

Nikanyamaza. Nilifika Malaba miaka ya sabini ikianza. Mume wangu alikuwa karani wa kupitisha mizigo mpakani. Mchana kutwa alifuata makaratasi ya malori, na jioni alirudi amechoka hata kuongea. Mama yake, mjane, alikuwa na hoteli ndogo ya mabati kando ya barabara, pale malori ya kwenda Kampala yaliposimama foleni. Yeye alipika na kuuza. Mimi nilibaki nyumbani nikilima na kuteka maji, nikiitikia "ndiyo, mama" na "hapana, mama". Majirani walinisifu kwa utulivu wangu, na kila waliponisifu nilihisi nimefungwa zaidi. Siku nyingine nilipokuwa peke yangu mtoni nilimwiga mtu yeyote tu, kwa sauti ya chini, nijue kama bado naweza.

Sisemi kwamba ukimya ule ulikuwa wa uongo. Tangu utotoni nilipenda pia kukaa kando nikitazama watu bila kusema neno. Ila nilidhani ni lazima mtu awe kitu kimoja, na kwamba mimi nilikuwa nimeshachagua, au wengine wamenichagulia.

Miaka ikapita hivyo, hadi siku moja ya mvua mama mkwe aliteleza kwenye matope nyuma ya hoteli akavunjika mguu. Hospitalini walimfunga plasta hadi juu ya goti, wakamkataza kuukanyagia. Hoteli ikabaki mikononi mwangu.

Mwanzoni niliwahudumia wateja kama nilivyoishi nyumbani, kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia. Walijipakulia wenyewe, wakanipita kana kwamba mimi ni nguzo ya mlango. Kulikuwa na dereva mmoja mnene wa kutoka Mombasa, mwenye tabia ya kugonga meza kwa kikombe. Asubuhi moja aligonga mpaka chai ya jirani yake ikamwagika.

"Wewe bubu," aliniita, "chai yangu iko wapi?"

Sijui nguvu ilitoka wapi. Nilichukua kikombe, nikagonga meza ile ile, nikatoa tumbo mbele kama lake, na kwa lafudhi yake ya pwani nikamjibu, "Wewe bosi, maji yanachemka, hayajui kama una haraka."

 Mataniboi, utingo wa malori, waliokaa kwenye kona wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka, akangoja chai yake kwa adabu. Kesho yake alikuja na wenzake.

Tangu siku hiyo niliwaiga wote: askari wa forodha anayekagua chapati kama mzigo wa magendo, akina mama wa upande wa Uganda waliokuja kutafuta chumvi na sabuni, na "banange" zao za kushangaa kila bei. Jioni nilipokaribia nyumbani nilishusha sauti, nikavaa tena uso wangu wa nyumbani. Nilichoka. Na nilijua habari zingefika.

Zilifika kupitia jirani. Jumapili moja mchana mama mkwe aliniita kitandani kwake, mguu wake ukiwa juu ya mto.

"Nasikia unapiga kelele hotelini," alisema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Unaiga wateja yangu."

Nilipiga magoti. Tayari nilijiona nikirudi Butula na sanduku langu. Nikaanza kuomba msamaha.

"Sikukuita kwa msamaha. Niigie huyo wa Mombasa."

Nilimwiga, mwanzoni kwa woga. Hakucheka, ila midomo yake ilicheza. Akataka askari wa forodha, nikampa. Kisha akanitazama moja kwa moja.

"Sasa iga mimi."

Nilikataa. Alisubiri tu. Basi nilisimama nikafunua sufuria ambayo haikuwepo, nikanusa, nikazilaumu kuni, nikailaumu sufuria, nikainua macho nikamlaumu na Mungu kidogo, halafu haraka nikafanya ishara ya msalaba.

 Mama mkwe alicheka. Alicheka hadi akaniomba nimshikie mguu kwa sababu plasta ilikuwa inamuumiza.

"Miaka hii yote," alisema akifuta machozi, "nilifikiri kijana yangu ameniletea nusu ya mtu. Ulikuwa umeficha wapi hii ingine?"

 Nililia, lakini kwa wepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni kichwani. Baadaye aliniuliza nimejuaje mambo yake yote hayo, hata ile ya msalaba. Nikamwambia nilikuwa nikimtazama tu.

"Ndiyo maana," akasema. "Kama ungekuwa wa kuongea tu, ungeniona saa ngapi?"

Mguu ulipopona tuliendesha hoteli pamoja. Alipika, nami nikawa mbele kwa wateja, na sikushusha tena sauti njiani. Siku nyingine hamu ya kuongea haikuwepo, nikanyamaza bila kujilazimisha. Mchana mmoja wa namna hiyo tulikuwa uani tukimenya njugu, hakuna aliyekuwa amesema neno kwa muda mrefu. Jirani akapita, akasimama, akatuuliza kama tumegombana.

"Hapana," mama mkwe alimjibu bila kuinua macho. "Leo amenyamaza tu."

Akanisogezea karai, tukaendelea kumenya.