Breki Iko Sawa

Niliondoka Niboye, mtaa wa Kigali, asubuhi moja bila mpango. Nilichukua begi lenye suruali mbili na sweta, nikapita uani, dada yangu akiwa ameinamia masufuria. "Unakwenda wapi?" akauliza. Nikasema narudi sasa hivi. Nimekuwa nikiondoka hivyo tangu nilipoacha shule darasa la sita, huko Karagwe tulikokulia, na kwetu wameshazoea. Safari nyingine zote niliondoka ili nione mbele kuna nini. Safari hii nilikuwa nakimbia pikipiki.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya shemeji, mume wa dada. Shemeji ni motari, dereva wa pikipiki ya abiria, na vilima vya Kigali vimemla mgongo. Nilipokwenda kukaa kwao nilimwona kila jioni akishuka ameshika kiuno. Nikamwambia ni usukani mfupi unaomwinamisha. Na breki ya mbele, ile ya shuu inayovutwa kwa waya, aliifinya mpaka vidole vikafa ganzi ndipo ikakubali. Nikasema naweza kubadilisha vyote viwili hapa hapa uani.

"Muramu, wewe iko fundi tangu lini?" Muramu ndiyo shemeji kwa Kinyarwanda.

"Tangu nilipofungua redio ya baba."

"Na redio iliimba tena?"

"Mpaka leo iko kimya," dada akadakia kutoka jikoni.

Shemeji alicheka sana, lakini alikubali.

Kutoka kwenye pikipiki moja iliyokufa tulipata tairi la mbele lenye breki ya diski, ile inayosukumwa kwa mafuta, mguu wa shokamzoba wa kufungia breki yake, na kikombe cha mafuta kinachokaa juu ya usukani. Usukani mrefu tuliununua mpya. Jumapili, waliporudi kanisani, nilipandisha pikipiki juu ya kreti mbili za soda nikaanza. Sehemu niliyoipenda zaidi ni kutoa upepo kwenye mafuta ya breki. Shemeji anafinya, mimi chini nalegeza nati, mapovu yanatoka, nakaza, anaachia. "Finya. Shikilia. Achia." Tulirudia mpaka breki ikawa ngumu mkononi, naye akawa anafinya tu kwa raha yake, kama mtoto aliyepewa filimbi.

Usukani mpya ulikuwa juu kwa kiganja kizima, kwa hiyo mpira wa kupitisha mafuta niliutafuta mrefu zaidi. Niliuzungusha usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, mpira haukuvutika. Niliteremka na pikipiki mtaani, nikapanda nayo. Nilijaribu kila kitu ambacho mtu asiyekuwa motari angejaribu.

Sikujaribu helmeti. Motari ana helmeti mbili, yake na ya abiria. Asipokuwa na abiria, ile ya pili wengine huiningʼiniza kwenye kiwiko. Shemeji huitundika kwa mkanda wake upande wa kulia wa usukani. Zamani hapo palipita waya wa breki, na waya haukujali. Sasa mkanda ule ulikaa juu ya mpira wangu, na kwa kila tuta na kila shimo helmeti ilirusharusha uzito wake kwenye ile nati inayoufunga mpira chini ya kikombe.

Nilimwona akiitundika. Nilimwona kila siku. Na asubuhi moja niliona unyevu chini ya kikombe, nikaufuta kwa kidole gumba, nikajiambia ni mabaki ya mafuta niliyomwaga ile Jumapili.

Siku tatu baadaye shemeji alikuwa akiteremka Kicukiro na abiria. Gari likasimama mbele yake. Alifinya breki ya mbele, ikaenda mpaka kwenye usukani bila kushika kitu. Ya nyuma peke yake haikutosha, akaingia mferejini. Abiria, mama mmoja aliyekuwa akiwahi kazini, alichubuka magoti akaondoka kwa miguu yake. Shemeji alivunjika mfupa wa bega.

Pikipiki ililetwa nyumbani kwa pikapu mchana, dada akiwa hospitali. Nilikuwa peke yangu uani. Niligusa ile nati, ikazunguka kwa vidole.

Nilikaa juu ya kreti muda mrefu. Kisha nikachukua spana, nikaikaza. Nikajaza mafuta, nikatoa upepo peke yangu, mkono mmoja juu na mmoja chini, na mpira nikaufunga mbali na mahali pa helmeti. Nilijiambia naifanya iwe salama kwa mtu mwingine yeyote. Hiyo ilikuwa nusu ya kweli.

Shemeji aliporudi, mkono umefungwa kifuani, hakuingia ndani kwanza. Alikwenda kwenye pikipiki, akanyoosha mkono wa kushoto, akafinya breki. Ngumu kama jiwe. Akafinya tena.

"Breki iko sawa," akasema. "Basi iko mimi."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake.

Tangu hapo kila mgeni aliyekuja kumpa pole aliambiwa hivyo hivyo: mkono ulichelewa, uzee umefika. "Miaka arobaini na minne, uzee gani?" dada alimgombeza. Shemeji alisema hatabeba tena mtoto wa mtu mgongoni kwake. Kazi nyingine hakuwa nayo, wala hakuwahi kuijua. Akatafuta mnunuzi wa pikipiki, na mnunuzi akasema atakuja Jumamosi. Mimi niliondoka Ijumaa.

Nilitembea. Ule mteremko wa ajali niliuzunguka kwa njia za ndani ili nisiuone. Mchana nilifika Kimironko, upande wa jiji ambao sikuwahi kulala, nikaingia sokoni kwa ajili ya kivuli tu. Kwenye vitambaa nikasimama kumwangalia mama mmoja akishona.

"Unaangalia nguo au unaniangalia mimi?" Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani kwao hasa. Babu zake, aliniambia baadaye, walikuja na biashara kutoka pwani.

"Naangalia mkanda wa cherehani, mama. Umelegea."

"Kumbe fundi!"

"Hapana," nikasema. "Si fundi."

Nikamuuliza kama anajua chumba. Alinikagua kutoka viatuni mpaka begini. "Mwenye begi dogo hivyo amefukuzwa au amekimbia. Wewe ni yupi?"

"Nimekimbia."

"Afadhali. Anayefukuzwa huja na maneno mengi." Alikuwa na chumba nyuma ya nyumba yake. Nikaomba usiku mmoja, akanipeleka kisha akarudi sokoni.

Kulikuwa na godoro, ndoo, na dirisha linalotazama ukuta. Jua lilikuwa bado juu. Nilimpigia shemeji nikamweleza yote, helmeti, mafuta niliyoyafuta, spana. Nilisema haraka ili nisiishie katikati.

"Ulikaza?" akauliza.

"Nilikaza."

"Mimi nikiwa hospitali."

"Ndiyo."

"Halafu mimi nafinya ile breki, na wewe iko pale unaniangalia."

"Nilikuwa pale."

Nilitamani anitukane. "Mnunuzi nitamwambia asikuje," akasema mwishowe. "Dada yako iko hapa."

Dada alikuwa amesikia. "Umekula?"

"Bado."

"Kula. Halafu usirudi kwanza. Si kesho wala keshokutwa. Nitakupigia mimi."

"Sawa, dada." Alikuwa ameshakata.

Nilitoka chumbani, nikaenda uani. Yule mama alikuwa amerudi kutoka sokoni, anaanua nguo kwenye kamba. "Usiku mmoja, sivyo?"

"Hapana, mama. Naomba nikae."

"Mpaka lini?"

Nikamwambia sijui, mpaka nipigiwe simu. Hakuuliza na nani. Aliingia ndani, akatoka na kufuli lenye funguo mbili, mmoja akabaki nao. "Shika," akasema. "Wa usiku mmoja huwa siwapi."