Nusu ya Kurudi

Safari ile ilinigharimu shilingi tisini na sita. Tiketi themanini na moja, doti ya kanga kumi na mbili, gari la kutufikisha kiwanja cha ndege tatu. Nilijumlisha kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, jawabu likawa lile lile. Kwa duka langu la vipuri vya baiskeli pale Ngamiani, hizo hazikuwa fedha za mchezo.

Simu ilifika ikisema mama mkubwa yu hoi huko Unguja, anamtaka mdogo wake. Mama mkubwa ndiye aliyemlea mama yangu wazazi wao walipofariki. Mama alipoolewa Tanga aliondoka bila radhi yake, na tangu hapo zikawa salamu za kutumiana watu tu, miaka nenda rudi. Kwetu radhi haitumwi kwa mtu. Huombwa mkono ukiwa mkononi. Mama alitaka amkute dada yake angali anaongea. Meli ilikuwa imeshaondoka. Ikabaki ndege, kitu ambacho sisi tulikuwa tukikitazama kutokea chini, bure.

Ofisi ya tiketi ilikuwa na karani kijana wa Kibondei, penseli sikioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kwenda Unguja."

"Kwenda na kurudi?"

"Kurudi nitatokea Pemba. Dada yangu ni mgonjwa, wanawe wanataka kumvusha akafie kwao. Nitavuka naye chomboni."

Karani akaandika: Tanga mpaka Unguja hamsini, Pemba mpaka Tanga arobaini. Jumla tisini.

"Sabini," nikasema.

"Kaka, hapa si sokoni."

"Penye meza na mtu nyuma yake ni sokoni. Haya, sabini na mbili."

Akatikisa kichwa. Nikafanya kama tufanyavyo: nikamshika mama mkono, tukatoka polepole, nikimpa nafasi ya kutuita. Ngamiani hufiki duka la pili hujaitwa. Nikasimama barazani, nikakunja mikono ya shati. Nikaikunjua.

"Hakuiti huyo," mama akasema.

"Ataita."

"Ndege ya kesho imebakiza nafasi moja, nimemsikia akimwambia bwana aliyetutangulia. Dada yangu anakata roho, wewe unakunja shati!"

Nikarudi mwenyewe. Sikuwa nimepata kurudi kwa mwuzaji bila kuitwa, na uso ulikuwa mzito kuubeba. Karani hakucheka, na hilo ninamshukuru mpaka leo.

"Anayekwenda na kurudi mnampunguzia?" nikamwuliza.

"Fungu la kumi. Lakini ni yule anayerudi kutoka pale pale alipokwenda."

"Basi nihesabie hivi. Tiketi ya Unguja ya kwenda na kurudi, nipe nusu yake. Na ya Pemba, nipe nusu yake. Mama ataenda kwa nusu ile, atarudi kwa nusu hii."

Akapekua kitabu chake cha nauli, akaingia ndani kwa mkubwa wake, akakawia. Mama alikuwa akivuta tasbihi. Karani aliporudi alisema, "Imekubalika. Arobaini na tano na thelathini na sita. Themanini na moja." Akachovya kalamu. "Mama atarudi tarehe ngapi?"

Mama akasimamisha tasbihi. "Mwanangu, unataka nikutajie siku atakayokufa dada yangu?"

Kwetu anayekwenda kwa mgonjwa hapangi siku ya kurudi. Ni sawa na kununua sanda mtu angali anakunywa uji. Nilitaka kumwambia mama kwamba tarehe ni wino tu, nikamtazama usoni, nikaghairi. Karani naye akaiweka kalamu chini.

"Niwie radhi, mama. Nitaacha pawe wazi. Ila uwe umerudi ndani ya miezi mitatu."

"Hapo sawa. Mungu atapajaza."

Asubuhi yake kiwanjani walimpandisha mama kwenye mizani pamoja na furushi la nguo zake, kama gunia la nazi. Aliona haya, akajifunika kanga mpaka puani. Mimi nilichungulia mshale. Ulikuwa sawa.

Alimkuta dada yake anaongea. Waliyosemezana hakunieleza kamwe. Binamu yangu aliandika tu kwamba walilia mchana kutwa, kisha mama mkubwa akaomba tende, akammegea mdogo wake kwa mkono wake, kama alipokuwa mtoto. Wakavuka. Akafia Pemba, katika nyumba ya wazazi wao. Huku nasi tukamsomea hitima.

Arobaini ikapita, mama hakuja. Nikamwagiza mfanyabiashara wa karafuu amwulize. Akaniletea jibu: nyumba ile haina wa kuwasha taa. Nikaagiza tena kwamba miezi mitatu inakaribia kwisha, kama harudi tudai fedha zetu. Jibu likaja, "Mwambie sijasema sirudi."

Nikaenda kwa karani. Akanieleza kwamba nusu isiyotumika hurudishiwa fedha, lakini si thelathini na sita. Akivunja tiketi, safari ya Unguja inahesabiwa hamsini kamili; zinabaki thelathini na moja. Nilihesabu mara mbili, nikakuta ni kweli. Tena mwenye tiketi sharti atie dole kwenye karatasi yenye maneno kwamba hatasafiri.

Akanisogezea karatasi. Ilikuwa imepigwa chapa vizuri, mistari imenyooka. Nikamwona mama mawazoni akisomewa maneno yale katika nyumba ile, kidole kimeshapakwa wino.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "bei ya hapa siijadili tena. Lakini wewe una mama, nami nakuuliza kama ndugu: ungekuwa mimi, ungempelekea karatasi hii, au ungeiacha tiketi ife yenyewe?"