Ng'ombe wa Chini ya Maji

Juzi asubuhi, nikisubiri basi pale Nyakanazi, niliingia mgahawani kunywa chai. Ukutani kuna mchoro mkubwa wa kijiji kizima chini ya maji: samaki wanapita madirishani, ng'ombe wamelala kwenye mchanga wa ziwa.

Kwenye meza ya jirani walikaa mama mmoja na mumewe, wafugaji, wakiwa njiani kwenda Ntobeye kupokea ng'ombe wa mahari ya binti yao. Mama aliutazama mchoro, akasukuma kikombe pembeni.

“Mzee, turudi nyumbani. Ng'ombe wetu wamezama.”

Nilijiandaa kumweleza kuhusu ndoto za wasanii. Mzee hakunipa nafasi. Alisogea ukutani, akawakagua ng'ombe mmoja mmoja kama yuko mnadani, kisha akagusa mdomo wa mmoja kwa fimbo.

“Mama, huyu anacheua. Uliona wapi ng'ombe mwenye shida akacheua?”

Mama alisogea, akalitazama lile taya lililopinda upande. Akashusha pumzi, akakivuta tena kikombe chake.

“Basi agiza na chapati.”

Miaka yote ninayopita pale, mimi msomi nilikuwa natazama samaki tu.