Mbegu za Maua ya Maria

Mwezi uliopita niliipelekea parokia maboksi manne ya maua ya plastiki, ya bluu, kutoka Dar. Si kujisifu, rafiki yangu, lakini mtu aliyeishia darasa la tano na leo ana malori mawili lazima atoe. Watu wakapiga makofi. Mimi nikamkumbuka bibi.

Bibi alipanda maua ya bluu kando ya jiko lake la nje pale Mshangano, bluu ile ya kufulia mashati meupe. Jina hasa la maua hayo silijui. Tuliyaita maua ya Maria kwa sababu yalichanua Mei, mwezi wa rozari, kisha yakakauka na kufa, na mwaka unaofuata unaanza tena na mbegu. Kazi yangu ilikuwa kuyamwagia maji yaliyooshewa vyombo, na mtaa mzima hapakuwa na mtoto wa kunishinda kazi. Majirani walikuja kuomba maua ya kanisani, bibi akawapa. Wakiomba mbegu, akawapa pia.

Julai moja, baridi ikiuma, jumuiya ilikuwa ije kusali kwetu. Nikaona vijiti vikavu vya yale maua vinatia aibu uwanja. Nikang'oa vyote, nikachoma, nikafagia mpaka ardhi ikang'aa, nikakaa kusubiri sifa.

Bibi akarudi na kuni kichwani. Akatazama.

"Umefagia vizuri, mume wangu. Mbegu umeziweka wapi?"

Nikamwonyesha majivu kwa kidole. Jirani mmoja kati ya waliowahi kufika kwa sala akamwambia bibi atafute mume mwingine, huyu kesho atachoma nyumba. Wenzake wakacheka. Bibi hakucheka.

Kesho yake tulizunguka nyumba kwa nyumba. Wote walikuwa wameyakata yakiwa mabichi, wakayapeleka altareni. Hakuna aliyeacha hata shina moja likauke. Kila mlango, jibu lile lile: sisi tulijua wewe unazo.

Tuliporudi akachukua ungo, akachota majivu yangu, akayapepeta polepole, akiinama kuchungulia kila punje nyeusi. Ilikuwa mikaa tu.

Hakunigombeza siku ile, wala mpaka anafariki. Nimenunua pakiti za mbegu kila duka la pembejeo hapa Songea, nimeotesha ya zambarau, nimeotesha ya bluu iliyopauka. Yale hayapo. Vijana wa Mshangano ukiwauliza watakuambia hayajawahi kuwepo.