Nilinyamaza, mume wangu akaondoka na kikapu kilicholegea kwenye baiskeli

Salamu wakuu wote, wa kike na wa kiume. Ninayowaandikia ni kweli tupu, wallahi, ingawa hayanipi sifa hata kidogo.

Naishi Magogoni, Kisauni. Napika mahamri na kuwapelekea wateja kwa baiskeli. Mwezi uliopita nikanunua kikapu cha waya cha kufunga mbele, maana kushika ndoo kwa mkono mmoja kulinichosha.

Nikamwambia mume wangu nakipeleka kwa Fundi Charo.

"Fundi wa nini, Mama Rukia? Ni nati mbili tu hizo."

(Mume wangu ni kinyozi. Kwa nywele simpingi.)

Akakifunga mwenyewe. Kilikuja na vyuma viwili virefu vya kushuka kutoka kikapuni hadi kwenye ekseli ya gurudumu la mbele. Akaviweka juu ya kabati, akasema hivyo ni vya urembo.

Nilipokigusa kikapu, kikainama kama mtu anayesinzia kwenye hotuba.

Ningesema. Lakini juma zima alikuwa akinisimanga kwamba siamini kazi yake. Nikanyamaza.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na mahamri ya posa ya binti wa shangazi yake. Nikamwambia kwa upole, "Baba Rukia, leo peleka wewe, watu wakuone."

Nilidhani kikapu kitaanguka pale pale mlangoni, nicheke kidogo, mambo yaishe.

Hakikuanguka mlangoni. Alitoka na kanzu yake nyeupe, akanipungia mkono, akapinda kona. Hapo nikakumbuka matuta ya barabarani. Nikavaa buibui, nikamfuata mbio.

Nilimwona kwa mbali akipanda tuta la kwanza. Kikapu kilishuka, kikakalia gurudumu, gurudumu likagoma, naye akapita juu ya usukani. Goti linavuja damu. Mahamri yametapakaa barabarani, na mbuzi wawili wanakula bila haraka.

"Ni hawa mbuzi," akasema. "Wamenikatia njia."

Mbuzi walikuja baadaye, wakuu. Lakini nilipoliona lile goti kicheko chote kiliniisha. Gari lingekuwa linapita, leo ningekuwa nasimulia mengine.

Nikamfunga kwa mtandio wangu. Tukaenda posani tumechelewa, na mahamri ya kununua hotelini. Shangazi akaonja, akasema siku hiyo nimepika vizuri kuliko siku zote. Nikamshukuru.

Jumatatu nikaenda kwa Fundi Charo na vile vyuma vyangu. Akavifunga mpaka kwenye ekseli, kila nati na washa yake, kile kipete cha chuma cha chini ya nati. Akaacha nafasi ya vidole vitatu kati ya kikapu na madigadi. Akaangalia waya wa breki usibanwe, akageuza usukani kushoto na kulia mpaka mwisho, kisha akakiegemea kikapu kwa mikono miwili. Hakikutikisika. Akaniambia nikaze tena nati baada ya siku chache, na vitu vizito viende chini.

Nilichojifunza: kikapu cha mbele hubebwa na vyuma vya chini, usukani peke yake hauwezi. Na ukiona kimelegea, sema, hata kama utanuniwa.

Nyinyi mnaofunga wenyewe, hebu niambieni mmefungaje.

Mume wangu naye ni mwanachama humu, kwa jina nisilolijua. Kama ni wewe unayesoma, mume wangu, chakula kiko mezani. Mimi nimekwenda kwa mama.